Yaliyobishiwa Ndiyo Yaliyobaki

Jumuiya ya Watanzania wa London Magharibi iliwatangazia wanachama wake wote, na kupitia kwao vizazi vijavyo, kwamba kuanzia siku ile hakuna neno la mwanajumuiya litakalopotea tena. Kila lililokwisha kusemwa limehifadhiwa. Kila litakalosemwa litahifadhiwa. Uongozi, baada ya kutafakari kwa kina, umeanzisha Hazina ya Kudumu, ambamo matangazo, picha za harusi, taarifa za misiba na michango ya mawazo vitakaa salama hata baada ya sisi sote kuondoka duniani. Wanachama wanaombwa wahamie huko mara moja, watoke kwenye grupu la zamani, na walifute kwenye simu zao ili kupunguza mzigo.

Kwa mara ya kwanza tangu jumuiya iundwe, watu walitii. Walikuwa wamewahi kuombwa wafike mikutanoni kwa wakati, akafika mlinzi wa ukumbi peke yake. Waliwahi kuombwa wasitume video za dawa ya kisukari. Hayo yaliwashinda. Lakini kufuta ni kazi inayofanyika mtu akiwa amesimama kwenye basi, kidole kimoja kinatosha, na simu inashukuru papo hapo. Wakafuta wote.

Ndani ya grupu hilo la zamani ndimo ilimokuwa kazi ya maisha ya Talib Sufian.

Talib ni mtu wa Unguja, karani katika ghala la mizigo huko Hayes, jirani na uwanja wa ndege. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichoandikwa juu ya boksi ndicho kilichomo ndani. Ameifanya muda mrefu kiasi cha kutoshangazwa tena na jibu. Ana uso wa mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Magoti yake yamestaafu, yeye bado.

Miaka ya nyuma alikwenda kwenye chuo kimoja cha jioni mjini kujiandikisha darasa la kompyuta. Darasa la kompyuta lilikuwa limejaa. Nje mvua ilikuwa inanyesha, naye alishakwenda mbali na nyumbani, akauliza ni darasa gani lina nafasi. Wakamwambia Kigiriki cha Kale. Akaingia, akakaa karibu na kipasha moto.

Hivyo ndivyo alivyowajua Wagiriki wa kwanza walioandika historia, wale waliotangulia kabla historia haijapata baba wa kuiita mwanawe. Vitabu vyao vyote vimepotea. Vilivyobaki ni vipande: sentensi hapa, nusu sentensi pale, ndani ya vitabu vya watu wengine waliokuja baadaye. Na hao waliovinukuu mara nyingi hawakuwa na nia njema. Mmoja alinukuu ili aonyeshe mwenzake alivyokosea. Mwingine alikuwa anatafuta mfano wa neno la nadra. Kuna aliyeizunguka dunia yote ya wakati wake kwa kalamu, bahari kwa bahari, na leo kilichobaki kwa wingi ni majina ya miji tu, kwa sababu karne nyingi baadaye mtu fulani aliamua kutunga kamusi ya majina ya miji. Kuna aliyeipanga miaka kwa kufuata makuhani wa kike wa hekalu moja, mwanamke baada ya mwanamke. Wanawake wakawa kalenda, na kalenda yenyewe ikaliwa na panya.

Kwa nini Talib aliwapenda watu hawa, yeye mwenyewe hakuwahi kueleza vizuri. Mkewe, Ghalia, alisema mtu aliyeondoka kwao na begi moja huelewana na vitu vilivyobaki nusu. Talib alisema ni kwa sababu vipande ni vifupi, na mapumziko ya ghalani ni mafupi vilevile.

Alivitafsiri kwa Kiswahili katika kantini, kimoja kimoja, kwa kidole, kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani na haikuwa na nafasi. Kwa hiyo kila alipomaliza kipande alikituma kwenye grupu la jumuiya, katikati ya tangazo la msiba na picha ya biriani, kisha akakifuta kwake. Ghalia alipomuuliza kazi yote hiyo anaiweka wapi, alimjibu, "Iko kwenye grupu." Ni sentensi ambayo kwa watu wetu wa huku imechukua nafasi ya kabati la chuma. Wenzake nao walikuwa wakifuta, kwa sababu iko kwenye grupu. Watu wote walikuwa na nakala, kwa hiyo hakuna aliyekuwa nayo.

Haya yangepita kimya kama mengine yapitavyo, ila mwezi ule ule mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam, kijana aitwaye Deus, alimpigia Talib simu. Alikuwa amesikia habari za tafsiri hiyo na alitaka kuitoa kitabu. Akauliza kama muswada uko tayari.

"Uko tayari," alisema Talib.

Ulikuwa tayari. Kilichobaki ni kuupata.

Alianza na uongozi. Katibu wa jumuiya, Marcelina, anafanya kazi katika ofisi ya nyumba za halmashauri, na ana sauti ya upole ya watu waliozoea kuwaambia wengine hapana.

"Shikamoo, Mzee Talib."

"Marahaba, mwanangu. Ile michango ya mawazo iliyohifadhiwa, naipata wapi?"

"Ipi hiyo, mzee?"

"Mliyotangaza. Kila lililokwisha kusemwa limehifadhiwa."

Ikasikika sauti ya mtu anayechapa kitu kingine.

"Aah. Ile ilimaanisha kuanzia pale."

"Pale wapi?"

"Pale tulipoanza, mzee. Ya nyuma tulijua tu kuna mtu atakuwa na backup."

"Nani?"

"Mtu," alisema Marcelina. "Jaribu kuandika kwenye Hazina, mzee, watu waone."

Akaandika kwenye Hazina. Akaeleza kwamba tafsiri zake zimepotea, na mwenye nakala ya hata kipande kimoja amrudishie. Kwa kuwa jumuiya ile kwa kawaida huandikiana kwenye misiba, watu walijibu walivyozoea kujibu. Inna lillahi. Pole sana, mzee wetu. Mungu aiweke roho yake mahali pema. Mmoja aliuliza maziko ni wapi, ili aombe ruhusa kazini.

Alibaki Mansour.

Mansour ni mtu wa Pemba, na kabla ya kustaafu alikuwa mkalimani katika mabaraza ya rufaa, mahali ambapo watu hueleza kwa nini walikimbia kwao na serikali hueleza kwa nini haiwaamini. Mkalimani wa huko ana masharti. Husema yale yaliyosemwa, yote, yakiwa na makosa yake. Husema "mimi" wakati mwenye maneno ni mwingine: mimi nilipigwa, mimi nilipita dirishani. Na akitaka kusema lake, hutangaza kwanza kwamba mkalimani sasa anasema kwa niaba yake mwenyewe. Mansour aliishi na masharti hayo miaka mingi kiasi kwamba hata nyumbani, akigombana na mkewe, alianza kwa kumrudia mkewe maneno yake yote, neno kwa neno, halafu ndipo alipoomba ruhusa.

Sasa anakaa Edgware Road, kwenye mkahawa wa Mlebanoni mmoja, meza ya dirishani, na kazi yake ni kubisha. Karibu kila kipande ambacho Talib alituma, Mansour alikijibu kwa ujumbe wa sauti. Kwanza alikisoma kama kilivyo. "Kwanza msome mwenzio," alipenda kusema, "halafu mpige. Ukimpiga hujamsoma, hiyo ni fujo."

Talib alimkuta hapo Jumamosi, mbele ya chai ya nanaa.

"Nilizifuta," alisema Mansour kabla hajaulizwa. "Katibu kasema tufute."

"Hata zako mwenyewe?"

"Sauti yangu niiweke ya nini, na mie mwenyewe nipo?"

"Mansour, kazi yangu yote imekwenda."

Mansour alikoroga chai isiyokuwa na haja ya kukorogwa. "Kazi yako ilikuwa na makosa mengi," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake, na Talib aliipokea. Kisha Mansour akasema, "Yule binti wa Thamesmead. Blandina. Yule alikuwa akizicheka sauti zangu. Nadhani akizipeleka mahali."

Blandina ni Mhaya, mhudumu wa wazee, mtu wa kuamka kabla ya basi la kwanza. Talib alipompigia, alicheka kwanza kisha akaona aibu. Ni kweli, alikuwa akizipeleka mahali. Mama yake, Ma Annonciata, yuko Muleba, na hajatoka kitandani tangu alipoanguka. Redio yake iliharibika. Blandina alianza kumtumia sauti za Mzee Mansour ili asikie Kiswahili cha watu wanaogombana, na mama akazipenda kuliko redio. Alikuwa anauliza kila siku, wale leo wamegombania nini? Zote zilikuwemo kwenye simu ya Blandina, katika mazungumzo yake na mama yake, nje ya grupu, mahali ambapo hakuna tangazo lililofika.

"Zote?" aliuliza Talib.

"Alizobishia zote, mzee."

Talib hakulipima jibu hilo vizuri wakati ule.

Mansour alipata habari na akasema atakwenda pia. Haiwezekani sauti yake isikilizwe yeye hayupo. Basi siku Talib alipokuwa hana shifti walipanda treni ya laini ya Elizabeth, Talib akitokea Hayes na Mansour akidandia Paddington, wakapita chini ya jiji zima hadi Abbey Wood, halafu wakachukua basi. Wote wawili walilala njiani. Hakuna aliyekubali.

Blandina aliwakaribisha jikoni, akawawekea chai na maandazi, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Talib alikuwa amekuja na kompyuta ndogo ya Ghalia. Blandina akabonyeza.

Kwanza vilisikika vikombe na Kiarabu cha mkahawani. Kisha sauti ya Mansour, tulivu, isiyokuwa na upande.

"Mimi nasema: watu wa mji ule waliwafundisha farasi wao kucheza kwa filimbi, ili kupendezesha karamu. Adui zao wakapata habari, wakaja vitani na wapiga filimbi. Farasi waliposikia filimbi walisahau vita, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakacheza, na waliowapanda wakamwagika kama madafu."

Talib aliacha kuandika. Alikuwa amekisahau kipande kile, na madafu yale yalikuwa yake. Kwa Kigiriki hakuna madafu.

"Mkalimani sasa anasema kwa niaba yake mwenyewe," iliendelea simu, na sauti ikapanda. "Uongo! Miaka yote niliyokaa nchi hii nawatazama farasi wa walinzi wa ikulu. Ngoma zinapigwa, tarumbeta zinapigwa, hajacheza hata mmoja! Anatia samadi barabarani, anakwenda zake!"

"Lakini, Mzee Mansour," alisema Blandina, "kwenye Olimpiki si wanacheza?"

"Ile kazi. Wanalazimishwa."

"Na wale wa mji ule walikuwa wa hiari?"

"Tumekuja kusikiliza au tumekuja kubishana?" alisema Mansour.

"Tumekuja kusikiliza," alisema Talib. "Rudisha nyuma, mama. Baada ya 'karamu'."

Ikawa hivyo mchana kutwa. Sauti ya Mansour ilisema mimi, Talib akaandika; mkalimani alipoomba kusema lake, Talib akapumzisha vidole na Mansour wa jikoni akatikisa kichwa kwa kukubaliana na Mansour wa kwenye simu. Kazi ilikwenda vizuri, kwa namna ya kazi inayochosha. Mtu anayerudishiwa vyake kwa mdomo wa mpinzani wake hana uso maalumu wa kuvaa. Talib alivaa ule wa ghalani.

Walikwama mara moja tu. Kwenye ujumbe mmoja mkahawa ulikuwa na kelele, na Mansour, labda kwa kuharakishwa, alisahau kutangaza. Alikuwa anasoma kuhusu yule wa majina ya miji, na ghafla ikaja sentensi hii: "Mji ukiwa na watu wake hauandikwi, huandikwa ukishaanza kuwatoka." Baada ya hapo ukakatika.

"Hiyo yangu," alisema Talib. "Niliweka maelezo chini ya kipande."

"Yako wapi? Hiyo yangu. Sikiliza pumzi. Nikisoma vyako pumzi ni fupi."

"Wewe hujawahi kusema neno bila kupinga kitu. Hapo unapinga nini?"

"Napinga mji."

"Rudisha, mama."

Blandina alirudisha mara nyingi. Mwishowe alichoka kuwasuluhisha, akampigia mama yake Muleba, kwa sababu mama alikuwa amezisikiliza hizo sauti kuliko mtu yeyote duniani. Sauti ya Ma Annonciata ilikuja nyembamba, na jogoo nyuma yake. Blandina alimsomea sentensi, akamweleza kwamba wazee wawili wako hapa na kila mmoja anasema ni yake.

"Wawili?" alisema Ma Annonciata. "Kwani wako wawili? Mimi siku zote nilidhani ni mzee mmoja amechanganyikiwa, anajibishana na nafsi yake. Nimekuwa nikimwombea."

Mansour alichukua andazi.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya maghorofa ya Thamesmead, sauti zilikuwa zimekwisha. Talib alipitia alivyoandika. Farasi wapo. Makuhani wapo, kwa sababu Mansour alipinga, akisema miaka haihesabiwi kwa wanawake. Miji mingi ipo, kwa sababu Mansour alitilia shaka umbali. Alipanda kwenye skrini, akashuka, akarudi juu tena.

"Ule mwanzo haupo," alisema.

"Mwanzo upi?"

"Wa yule aliyefungua kitabu kwa kuwacheka wenzake. Kwamba hadithi zao ni nyingi na zote ni kichekesho, na yeye ataandika anachokiona kweli. Niliufanya kwa majira mawili ya baridi, ule. Ulikaa sawa."

Mansour alifikiri. Alikuwa anakumbuka, na hakufurahia alichokikumbuka.

"Sikuubishia," alisema.

"Kwa nini?"

"Ningeubishia vipi? Ulikuwa kweli. Niliusoma, nikasema alhamdulillahi, leo kaandika kitu, nikanywa chai yangu."

"Na kipande cha yule aliyeandika habari za Lydia? Na kile cha mafuriko?"

"Hata kile cha mafuriko kilikuwa kizuri."

Talib alifunga kompyuta. Polepole, kama mtu anayefunga boksi lililokuwa na kitu tofauti na kilichoandikwa juu. Kigiriki bado kipo, bila shaka; kiko maktaba, kina jalada gumu, hakiendi popote. Alikuwa ameshajaribu, juma lile, kuutafsiri upya ule mwanzo. Ulitoka sahihi na ulitoka umekufa. Alikuwa na umri wa kujua kwamba hana tena majira mawili ya baridi ya kutoa kwa sentensi moja.

"Ungebisha tu, ndugu yangu," alisema. "Hata kidogo."

"Nisamehe," alisema Mansour, na ni neno ambalo Blandina, aliyekuwa anasuuza vikombe, aliligeukia. "Nilidhani kukubali kunatosha."

Walirudi kwa treni ileile. Safari hii hawakulala.

Talib alimtumia Deus alichokuwa nacho, ambacho ni vipande vya vipande. Kwa kuwa alikuwa mwaminifu kupita manufaa yake, alibakisha chini ya kila kimoja alivyosema mkalimani kwa niaba yake mwenyewe. Sentensi ya mji aliiweka peke yake, ukurasa wa mwisho, bila mwenyewe. Deus alipiga simu baada ya siku chache. Amefurahi sana. Watu ofisini wamesoma kwa sauti, wamecheka hadi machozi. Kitatoka, chembamba, lakini kitatoka.

"Ila naomba kuuliza, mzee," alisema Deus. "Huyu Mansour ana kazi nyingine ya kuchapishwa?"

Talib alisema atamuuliza, akarudi kwenye maboksi.

Hazina ya Kudumu ilikuwa kwenye muda wa majaribio ya bure. Muda huo uliisha kabla kitabu hakijatoka, na jumuiya imerudi kwenye grupu, jipya, ambalo lilianza na taarifa ya msiba. Tangazo la katibu halikupatikana kwenye Hazina, wala kwenye simu ya Marcelina, aliyelifuta ili kupunguza mzigo. Maneno yake yaliyoandikwa hapo mwanzoni yametoka kwenye simu ya Blandina, ujumbe wa mwisho wa sauti kutoka grupu la zamani, ambamo Mansour analisoma lote, neno kwa neno, kabla ya kulibishia.